Kiapo cha Mama Mdogo

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza, na mvua ikianza watu huacha kushonesha. Hakuna anayetaka gauni jipya la kukanyagia matope. Nimekaa dukani tangu asubuhi na aliyeingia ni mmoja tu, mwalimu wa fizikia, naye hakuleta kitambaa. Ameleta fomu.

Kwa hiyo nimeligeuza daftari langu la vipimo na kuanza kuandika kurasa za nyuma. Mbele kuna viuno na mabega ya mtaa mzima. Huku nyuma nitaandika yangu, maana nimeona leo kwamba ninayo.

Fomu ni ya ufadhili wa masomo. Kuna mfuko unaowasomesha chuo vijana waliofiwa na mzazi: ada yote, malazi, hata vitabu. Binti yangu Pini ameshapata nafasi ya kusomea uhandisi wa maji, ila ada yake siiwezi hata nikishonea jeshi zima. Fomu zinapokelewa hadi tarehe 15 Aprili. Asipopata ufadhili huu, nafasi yake itapewa mwingine, na mwaka ujao hakuna ahadi.

"Si anastahili?" mwalimu akaniuliza. "Ameniambia aliyemzaa alifariki."

Pini, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliniangalia. Mimi nikainama nikaendesha cherehani, wala sindanoni hamkuwa na uzi.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Hakuna mteja.

Alhamisi, 5 Machi

Fomu iko mezani, imekandamizwa na mkasi ili isipeperuke. Naizunguka kama paka anayezunguka uji wa moto. Basi niandike.

Pini ni mtoto wa dada yangu. Dada alifariki mtoto akiwa na miezi kumi na moja. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, sina mume wala mpango. Baba wa mtoto alikuwa ameshaondoka kabla mtoto hajaota jino, na hadi leo hatujui kama yu hai au ameshaota mvi. Nikamchukua. Alikuwa akitambaa chini ya meza yangu ya kukatia, akiokota pini sakafuni na kunikabidhi moja moja. Hakumeza hata moja. Ndiyo jina likamganda, na hata walimu wake humwita hivyo.

Alipofika miaka tisa nilimwambia. Nakumbuka neno kwa neno: "Aliyekuzaa alikuwa dada yangu, amefariki, mimi ndiye mama yako, kula chakula kinapoa." Akala. Hatujaligusa tena jambo hilo.

Shida ni cheti. Alipoanza shule walidai cheti cha kuzaliwa. Nilikwenda ofisi ya vizazi na vifo, karani akaniuliza jina la mama wa mtoto, nikataja langu. Sauti haikutetemeka. Nilijiambia kwamba nafanya hivyo ili wenzake wasimwite yatima uwanjani. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeitembea miaka kumi na miwili, na wiki hii ndiyo naona kwamba mbele kuna ukuta.

Jumatatu, 9 Machi

Mtaro umefurika tena na maji yameingia hadi kwenye ngazi ya duka. Pini alichukua utepe wangu wa kupimia, akautumbukiza, akaandika kina cha maji kwenye kiganja. Nikamwambia huo utepe unapima watu. Akasema, "Mama, huu mtaro umejengwa na mtu aliyedhani maji yanapanda mlima." Halafu akanieleza, kwa mikono yote miwili, maji yangepaswa kupita wapi. Sikuelewa kitu. Nilikuwa namtazama tu uso. Mtoto huyu akiongea habari ya mitaro anapendeza kuliko bibi harusi.

Utepe umenywea na sasa unadanganya kwa nusu inchi.

Jumanne, 17 Machi

Tumekwenda kwenye ofisi ya mfuko. Chumba kimoja, makabati ya chuma, kalenda ya mwaka jana. Afisa ni mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, anaongea kama anayelipia kila neno. Aliisoma fomu, akakisoma cheti cha kuzaliwa, akarudia fomu.

"Mwanafunzi amefiwa na mama," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa cheti hiki, mama yake yu hai. Amekaa mbele yangu."

Pini akatazama dari. Nikaeleza, kwa ufupi na kwa sauti ndogo. Afisa alivaa miwani, akanitazama, akaivua.

"Uliidanganya ofisi."

"Niliijibu."

"Mama, mimi sina neno na wewe. Lakini huu mfuko ni wa waliofiwa. Siwezi kumpa mtoto ambaye makaratasi yake yanasema hajafiwa. Kila mwaka wanakuja watu hapa na wazazi wao wamewaacha nje kwenye gari."

"Kwa hiyo ningekuwa nimekufa mimi angepata?"

"Ungekuwa umekufa wewe," alisema bila hata kupepesa macho, "fomu ingekuwa safi kabisa."

Akatuandikia orodha. Cheti cha kifo cha dada, hicho ninacho. Kiapo changu mbele ya hakimu kwamba mimi si mama mzazi. Maelezo ya mtu aliyeshuhudia mtoto akizaliwa. Risiti ya ofisi ya vizazi kwamba nimeomba cheti kirekebishwe.

Nimemchukia afisa huyu kama kiatu kipya kinachobana.

Tuliporudi, shoga yangu msusi, ambaye saluni yake imepakana na duka langu, alikuwa mlangoni anasubiri habari. Nilipomweleza alicheka hadi akashika ukuta. "Basi kufa kidogo, shoga. Kufa hadi tarehe kumi na tano, halafu urudi." Nami nikacheka, kisha nikaingia ndani nikajifungia chooni.

Jumatano, 18 Machi

Uji wa asubuhi umeungua. Mawazo.

Jumanne, 24 Machi

Leo tumemtafuta mkunga. Ni yeye pekee anayeweza kushuhudia, kwa kuwa kadi ya kliniki iliyokuwa na jina la dada haipo. Nimemwambia Pini ilipotea tulipohama.

Mkunga amestaafu, anaishi ng'ambo ya kijito, na kijito kimejaa. Tulivuka tumeshikilia viatu mikononi. Nilipiga hodi, akafungua bibi mfupi, mgongo umenyooka, na taulo begani kana kwamba kuna mtu anajifungua chumba cha pili. Hakunisalimu. Alinikazia macho.

"Wewe ndiye uliyezimia."

"Sikuzimia mimi."

"Ulizimia. Dada yako anasukuma, wewe umeshika mkono wake unamwambia apumue. Kichwa cha mtoto kikatoka, wewe ukaanguka chini kama gunia. Nimezalisha miaka thelathini na nne, waliozimia ni baba watatu na wewe."

Pini alikuwa amefunika mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Halafu dada yako," mkunga akaendelea, "mtoto bado anafutwa, anatupigia kelele: 'Mwacheni huyo, yeye ana sauti! Mwinueni mdogo wangu kwanza!' Ikabidi nikuinue kweli. Hakuna aliyembishia yule."

Hilo sikulijua. Nilikuwa sakafuni. Miaka yote hii sikulijua. Mkunga akaandika maelezo yake kwa mwandiko wa daktari, akatia saini, akampima Pini kwa macho toka utosini hadi nyayoni. "Umekua," akamwambia, kama vile walionana jana.

Njiani Pini alitangulia kuvuka kijito. Halafu akasema, "Mama, alikuwa anapenda kupiga kelele?"

Nikamwambia aangalie anapokanyaga, panateleza.

Jumatano, 1 Aprili

Mahakamani. Foleni ndefu, benchi fupi. Karani alitaipu kiapo, akanisomea kwa sauti ya mtu anayesoma bei za sokoni: "Mimi, fundi cherehani, mtu mzima mwenye akili timamu, naapa na kutamka kwamba mimi si mama mzazi wa mtoto huyu." Akaniwekea kalamu. Tia saini hapa, halafu tunaingia kwa hakimu.

Nilishika kalamu. Niseme nini? Mkono huu umekata vitambaa ambavyo sijui hesabu yake na haujawahi kuogopa. Nilikiangalia kile kistari walichonichorea. Nikamwambia karani naomba maji. Nikatoka, nikaenda moja kwa moja hadi nyumbani, Pini ananifuata kwa nyuma na mwavuli.

"Mama, ni karatasi tu," alisema tulipofika.

"Na wewe uliyelelewa na karatasi unajisikiaje?"

"Sijasema hivyo."

"Ukitaka kunikana, nikane wewe kwa mdomo wako. Usinipeleke kwa hakimu nijikane mwenyewe."

Nilisema hivyo. Kwa mtoto ambaye hajawahi kuniomba kitu zaidi ya utepe. Alikunja mwavuli, akautundika, akaingia ndani.

Alhamisi, 2 Aprili

Pini ameiondoa fomu mezani. Amesema ameamua kukaa dukani ashone na mimi. Amesema kwa upole, bila kununa, na hilo ndilo linaloniuma. Angenuna ningejua la kufanya.

Ijumaa, 3 Aprili

Ameshona mkono wa kushoto upande wa kulia.

Jumamosi, 4 Aprili

Nimemfundisha tena. Ameelewa. Ameshona mikono yote miwili upande wa kulia.

Jumatatu, 6 Aprili

Mteja mmoja, mke wa muuza nyama, mwanamke mwenye subira sana, alilijaribu gauni alilolishona Pini. Alijitazama kwenye kioo, akajigeuza, akauliza kwa adabu kama kuna tundu la kichwa. Pini alicheka hadi machozi yakamtoka, mteja akacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikamwona Pini anafuta machozi na hayakuisha yalipopaswa kuisha. Akageukia ukuta akijifanya anatafuta uzi.

Msusi aliona yote kutoka mlangoni kwake. Mteja alipoondoka akanifuata. Hakucheka safari hii.

"Shoga, unamwogopa nani?"

"Simwogopi mtu."

"Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Hilo hata hakimu analijua. Sasa wewe unataka kumbakisha mtoto hapa anashona mavazi yasiyo na kichwa, ili mradi karatasi iseme mama ni wewe?"

Nikamwambia arudi akasuke watu. Akarudi. Lakini neno lake halikurudi naye.

Jumanne, 7 Aprili

Haijanyesha leo. Nimekaa na daftari hili tangu mchana.

Kwa afisa nilisema nilifanya kwa ajili ya mtoto. Kwa msusi nilisema hivyo, na kwa mwalimu. Huku nyuma ya daftari hakuna afisa, kwa hiyo niseme vingine. Nilifanya kwa ajili yangu. Dada alikuwa mrembo, mcheshi, akiingia mahali watu husogea wampe nafasi. Mimi nilikuwa mdogo wake. Alipofariki nilimlilia, Mungu ni shahidi, na bado namlilia. Lakini yule mtoto aliponiita mama mara ya kwanza, pale chini ya meza, na pini mkononi, nilipata kitu ambacho dada hakukipata. Sikutaka kugawana naye.

Picha yake moja niliyobaki nayo iko kwenye droo, chini ya vitambaa vya bitana. Niliogopa mtoto ataipenda picha kuliko mimi. Mtu hashindani na marehemu, marehemu hagombezi wala haunguzi uji. Na kadi ya kliniki haikupotea. Niliichana mwenyewe, vipande vidogo, siku ile ile niliyotoka kuandikisha cheti.

Wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi sikuchelea mwana kulia. Nilichelea kilio changu, na sasa mwana ndiye anayelia huku amegeukia ukutani.

Kesho naenda.

Jumatano, 8 Aprili

Nimetia saini. Hakimu, mwanamke kijana mwenye mafua, aliniuliza kama nimeelewa ninachoapa. Nikasema nimeelewa, ila sikubaliani nacho. Akaniambia kiapo hakina nafasi ya maoni. Akapiga muhuri, akapenga kamasi, akaniambia, "Pole, mama." Sikujua kama ni pole ya kiapo au anajipa pole ya mafua, nikaipokea hivyo hivyo.

Nilipofika dukani nilimwekea Pini karatasi juu ya cherehani. Akaisoma. Akainuka, akanikumbatia na mkasi mkononi hadi nikahofia mgongo wangu. "Sasa toka kwenye kiti changu," nikamwambia, "kabla hujanifukuzia wateja wote."

Alhamisi, 9 Aprili

Ofisi ya vizazi na vifo. Karani alisema taarifa ya uongo ni kosa, na kwamba kwa kuwa nimejileta mwenyewe ofisi itanipa onyo. Akasimama kabisa kunionya. "Usirudie tena."

Nikamwuliza nitarudiaje, dada nilikuwa naye mmoja tu. Akaniandikia risiti. Cheti kipya kitachukua miezi miwili.

Jumatatu, 13 Aprili

Fomu imepokelewa. Afisa wa miwani aliikagua karatasi kwa karatasi. Kwenye kiapo alisimama kidogo. "Hiki kilikuwa kigumu," alisema. Halikuwa swali. Nikasema kilikuwa kigumu. Akatuandikia tarehe ya mahojiano na kutufungulia mlango mwenyewe.

Labda ni kiatu kinacholainika kwa kuvaliwa.

Ijumaa, 17 Aprili

Mvua ya mawe. Pini ameokota jiwe moja akalipima.

Jumanne, 28 Aprili

Mahojiano. Nataka kuandika kabla sijapoteza hata neno moja.

Meza ndefu, wao wawili upande mmoja: afisa wa miwani, na mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye fimbo aliyeilaza juu ya meza kama mtu anayeweka mpaka. Pini upande huu, peke yake, kwenye blauzi nyeupe niliyomshonea. Mimi nikaelekezwa kiti cha nyuma karibu na mlango. "Mlezi anakaa, hasemi," alisema mzee.

Mlezi. Nikaketi.

Walimwuliza masomo, akajibu. Walimwuliza maji, na hapo wakawa wamejitakia wenyewe. Aliwaeleza mtaro wetu, akachora, hadi mzee akasogeza fimbo kupisha karatasi. Nilikuwa nimejaa furaha hadi shingoni. Kisha mzee akakunja mikono kifuani.

"Sasa tueleze habari za mama uliyempoteza."

Mvua ilikuwa inapiga mabati, nikaisikia kila tone.

"Simjui," alisema.

"Chochote tu. Wenzako wote wametueleza."

"Nilikuwa na miezi kumi na moja. Najua alikuwa anapiga kelele, hilo nimeambiwa mwezi uliopita. Na ninaijua picha moja." Akashusha sauti. "Iko kwenye droo ya bitana. Niliikuta nikiwa na miaka kumi na miwili. Nikairudisha kama ilivyokuwa, kwa sababu aliyeificha ni mama yangu na sikutaka ajue kwamba nimeiona."

Miaka saba. Mtoto ameilinda siri yangu miaka saba, nami nilikuwa nadhani ninamlinda yeye.

Afisa akaandika kitu. Mzee akasema taratibu, si kwa ubaya, "Binti, huu mfuko unaangalia pengo aliloliacha mzazi. Kama humjui kabisa, umepoteza nini?"

Pini alivuta karibu karatasi yake ya mchoro. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Sikumbuki kuamua kusimama.

"Alikuwa na miguu mikubwa," nilisema.

"Mama, mlezi hasemi."

"Miguu mikubwa kuliko ya baba yetu. Viatu vya kike havikumtosha, alikuwa anavaa vya kiume na anatembea navyo kama malkia, hakuna aliyethubutu kucheka. Alikuwa anauza kwenye duka la mikate. Mteja akimletea jeuri, anampa mkate wa jana kwa tabasamu la leo. Alikuwa anacheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho, hadi mwisho wake hatukuusikia kamwe. Nina vichekesho vyake kumi visivyo na mwisho."

"Mama," alisema mzee, na mkono wake ukaenda kwenye fimbo. Afisa akamgusa kiwiko. Mkono ukarudi.

Pini alikuwa amegeuza kiti chake. Alikuwa ameipa kamati mgongo, ananitazama mimi.

"Alikuwa mrefu?" aliniuliza.

"Kukuzidi kidole kimoja."

"Alijua kuimba?"

"Hakujua, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha."

"Alinipenda?"

Hilo lilinikata maini. Mtoto wa miaka kumi na tisa anauliza hilo kwa mara ya kwanza, mbele ya wageni wawili na makabati ya chuma, kwa kuwa nyumbani kwake hapakuwa na mahali pa kuliuliza.

"Alikuwa anakubeba hadi kazini," nilimwambia. "Meneja alimkataza. Akakulaza kwenye trei ya mikate juu ya kaunta, akakufunika kitambaa, akamwambia meneja huu ni mkate mpya, hauuzwi. Wateja walikuwa wanakuja kukuona. Nilisahau, Pini. Sikusahau. Nilikunyima."

"Na alipokufa?"

"Homa, siku nne. Hakuniachia wosia kama watu wanavyosimulia. Alisema nifunge dirisha, wewe unapata baridi. Nikafunga. Nilipogeuka alikuwa amelala, na hakuamka."

Tuliendelea hivyo, yeye anauliza na mimi najibu, hadi nikakosa pumzi. Nilipozinduka, mzee alikuwa ameegemeza kidevu kwenye kiganja kama mtoto anayesimuliwa hadithi. Afisa alikuwa amevua miwani na haikuwa kwa ajili ya kuifuta.

"Samahani," nilisema. "Mlezi hasemi."

"Amesema," alisema mzee. Akamgeukia Pini. "Binti, nilikuuliza umepoteza nini."

Pini akaurudisha uso wake kwa kamati. "Nilikuwa sijui," alisema. "Sasa najua."

Jumatano, 29 Aprili

Picha iko ukutani, juu ya meza ya kukatia. Mteja wa kwanza ameuliza ni nani huyu mrembo. Pini akamjibu kabla yangu: "Huyu ndiye aliyenizaa. Na huyu hapa ndiye aliyezimia."

Jumatatu, 4 Mei

Hakuna habari. Mvua inapungua.

Alhamisi, 7 Mei

Hakuna habari. Pini anajifanya hasubiri. Amefagia mbele ya duka mara tatu, na kila mara anafagia kuelekea upande anakotokea mtu wa barua.

Jumanne, 12 Mei

Afisa wa miwani amekuja dukani mwenyewe, chini ya mwavuli, na sketi ndani ya mfuko. Alisema inambana kiunoni. Nilimpima roho juu, nikaandika namba, na utepe wenyewe ndio ule unaodanganya. Nilipomaliza alisema, kana kwamba ndiyo kwanza amekumbuka, "Binti yako amepata."

Msusi alipiga vigelegele kule kwake, na mteja wake nusu kichwa kimesukwa akatoka mbio kujua kuna nini. Pini aliketi chini, sakafuni kabisa, kati ya vipande vya vitambaa, akaziba uso. Nikaketi naye. Afisa akabaki amesimama na mwavuli wake unachuruzika, hajui aweke wapi mikono. Hatimaye naye akachutama, akampigapiga Pini begani. "Lile swali tumeliondoa," aliniambia. "La kueleza habari za marehemu. Miaka kumi na moja tumeliuliza, watoto wanatuletea walichokariri. Kamati imeona haya."

Sketi nitampanulia bure, na vipimo nimechukua upya kwa utepe wa msusi, ule anaopimia nywele za bandia.

Jumapili, 31 Mei

Nimemsindikiza. Shuka mbili, ndoo, sweta, viatu vya mpira, na viatu vya kiume vya ngozi ambavyo amejinunulia mwenyewe kwa kuwa vya kike vinambana. Kwenye dirisha la basi alinipigia kelele, watu wote wakageuka: "Mama! Usimpe mtu kazi yangu!" Kazi gani, ya kushona mavazi yasiyo na kichwa?

Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Alhamisi, 11 Juni

Jua kali, matope yamekauka yameacha nyayo za watu. Wateja wamerudi wote kwa pamoja, kila mmoja anataka yake jana.

Niliwaacha mchana nikaenda ofisi ya vizazi na vifo. Karani yule yule alinipa cheti kipya, akasimama kunipa. Nilitoka nacho nje nikaketi kwenye ngazi, maana nilijua nikikisoma nimesimama huenda mkunga akapata tena la kusimulia. Nilikuwa nimejiandaa kuumia. Nilikuwa nimebeba hata kitambaa.

Jina la mtoto, la Pini. Tarehe ile, mahali pale. Jina la mama: la dada yangu, herufi zote, kwa wino mweusi.

Nililisoma nikangojea maumivu, hayakuja. Kilichonijia ni kwamba miaka yote hii, kwenye kila karatasi iliyoandikwa duniani, dada yangu alikuwa mwanamke aliyefariki bila mtoto. Mimi ndiye niliyemfanya hivyo. Nilitaja jina langu, nikachana kadi, nikamwacha kule aliko mikono mitupu. Aliyesema niinuliwe mimi kwanza.

Nililia pale kwenye ngazi na sikuficha uso. Kisha nikainuka kurudi kazini. Kwenye kona yupo fundi viatu, mtu ambaye hatujawahi kuongea zaidi ya habari za asubuhi. Yeye ndiye binadamu wa kwanza niliyekutana naye, basi ikawa bahati yake.

"Dada yangu ana binti," nilimwambia. "Yuko chuo."

Alinitazama machozi, akatazama karatasi, akaweka nyundo chini.

"Hongera zake dada yako," alisema. "Mwambie."

"Nitamwambia," nikasema.